Netiweki Iko Juu ya Mlima

Wariara wa Subukia alikuwa na ng'ombe mmoja wa gredi, wa maziwa, aliyeitwa Makena, na ukimpa nafasi kidogo tu angekuambia kwamba Makena hakubali mkono wa mtu mwingine. Aliyasema hayo kanisani, akayasema sokoni, akamwambia hata daktari wa mifugo aliyekuja kwa shughuli nyingine kabisa. Kwa ajili ya Makena alikosa harusi ya mpwa wake kule Naivasha. Kwa ajili ya Makena hakuwahi kulala nje ya nyumba yake tangu aolewe Shiru, kitindamimba wake, na huyo Shiru sasa ana watoto wake. Watu walimhurumia sana. Naye, tuseme ukweli, huruma hiyo aliipenda kuliko chai.

Basi kina mama wa chama chao walipoamua kwenda Tanzania kutembea na kupanda milima ya Usambara, hakuna aliyemhesabu. Mwenyekiti wao, Winrose, mwalimu mstaafu anayevaa viatu vya mazoezi hata akienda matanga, alipita kwake kumwambia kwa adabu tu.

"Najua wewe huwezi, kwa sababu ya ng'ombe."

Aliyeharibu mambo ni Ndung'u, mumewe, aliyekuwa ameketi pale akimenya viazi. "Aende," akasema. "Nitakamua mimi."

"Wewe?" Wariara akacheka mpaka akaegemea mlango. "Baba Shiru, si Makena atakuvunja mguu!"

"Wacha avunje."

Kukataa mbele ya Winrose kulikuwa kugumu. Akaenda, lakini akiwa na hakika kwamba kabla hajamaliza kufungua begi ataitwa arudi nyumbani mbio.

Hakuitwa. Nyumba ya wageni waliyofikia, mbele kidogo ya Lushoto, ilikuwa bondeni, na simu yake haikushika netiweki hata kidogo. Mzee mwenyeji aliyekuwa akiwaongoza njia akamwambia asihangaike, netiweki ipo, ila inapatikana kule juu vileleni. Loo! Hapo ndipo Subukia ilipopata mpanda milima. Wenzake wakisimama kupiga picha vinyonga na maua ya porini, yeye yuko mbele na gambuti zake za zizini, sketi ameikunja, haongei na mtu. Walipofika kileleni wakihema, walimkuta amesimama juu ya jiwe, mkono na simu hewani.

"Mama huyu ni moto," mzee akasema.

"Ni hewa ya Subukia," Winrose akajibu kama mtu anayemeza dawa chungu. Yeye alikuwa amefanya mazoezi tangu Januari.

Kumbe huyo moto hakuwa ameona chochote. Uwanda wote wa Mazinde umelala pale chini, watu wametoka Ulaya kuja kuutazama, na Wariara ameukazia macho uso wa simu. Akipiga, Ndung'u ni mteja, hapatikani. Siku ya kwanza alisema afadhali, ajifunze. Siku ya pili akaanza kuogopa, na aliogopa kweli. Alimwona Makena amevimba kiwele, Ndung'u yuko chini zizini, mguu umevunjika, hana hata wa kumchemshia uji. Na kando ya hofu hiyo, haki ya Mungu, kulikuwa na utamu kidogo.

Siku ya mwisho, kwenye kilele cha mwisho, simu ikaita.

"Baba Shiru! Uko hai?"

"Niko. Simu niliacha kwa duka ya Makokha ichajiwe, nikasahau kuichukua."

"Na Makena?"

"Ako sawa."

"Amekupiga teke?"

"Siku ya kwanza alikataa kabisa. Nikafikiria, nikavaa ile sweta yako ya kijani ya kukamulia na kitambaa chako cha kichwa. Akatulia, akaachilia maziwa yote."

"Sweta?"

"Eeh. Na jana nilikuwa na mkutano wa maji, nikapatia Chepkosgei wa hapo jirani hiyo sweta. Akakamua vizuri tu."

Wariara akakaa chini. Kumbe miaka yote hiyo Makena alikuwa akiipenda sweta. Harusi ya Naivasha angeenda, sweta ingebaki.

"Uko hapo?" Ndung'u akauliza.

"Niko."

"Basi furahia. Huku hakuna shida. Usiharakishe."

Alisema kwa upendo, na hapo ndipo palipomuuma zaidi. Machozi yakamtoka. Winrose, aliyekuwa amefika sasa hivi akitweta, alipoyaona alisahau wivu wote, akamkumbatia.

"Mungu ni mkuu, ama?" akasema huku akitazama ule uwanda. "Hata mimi nimeguswa." Akampiga picha.

Wariara hakumsahihisha. Alipangusa uso kwa ukingo wa sketi, akatia simu mfukoni, akamgeukia mzee mwenyeji. Ng'ambo ya bonde kulikuwa na mlima mwingine, mrefu kuliko huu.

"Mzee, na ule?"

"Ule haumo katika safari yenu, mama. Kesho mnarudi Kenya."

"Tuuweke," akasema Wariara. "Nyumbani nimeambiwa nisiharakishe."