Mkono Niliouacha Mnadani Mtinko

Kabla hujasema naongopa, nipe mkono nikushike. Umeona? Unabana vizuri tu, kama mkono wa mtu yeyote. Basi haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, kwenye mnada wa Mtinko, watu wamejaa na mbuzi wanalia. Sikuwa nimelewa, pombe niliacha zamani. Wala sikuota. Ingekuwa ndoto, shemeji yangu angekuwa anatembea sawasawa leo.

Kazi yangu ni kuchimba visima vya mkono. Nachimba na shemeji yangu Mkumbo, mdogo wake mke wangu, na huku kwetu Mkalama wanatujua. Yeye anashuka, mimi nashika kamba. Kamba inapita juu ya gogo tulilolilaza mdomoni mwa kisima, yeye anakanyaga vishimo tulivyochonga ukutani, na mimi huku juu namlegezea au namvuta kidogo kidogo. Aliye chini hamwoni aliye juu. Anachojua ni kwamba kamba imekaza, basi.

Mwaka jana bodaboda iliniangusha, kifundo cha mkono wa kulia kikavunjika. Plasta ilipotolewa, mkono ulikuwa hauwezi hata kukamua nguo. Muuguzi akaniambia nitafute gripa, vile vishikio viwili vyenye springi katikati, niwe navibana mpaka vikutane, asubuhi na jioni.

Nikanunua moja Singida Mjini. Baada ya wiki tatu nikawa naibana kama mchezo, nikamtangazia mke wangu kwamba nimepona. Lakini mimi ni mtu wa mashaka. Mke wangu husema nikipewa chumvi lazima niionje kwanza kama ni chumvi. Siku ile niliyoinunua nilikuwa nimeipima: nilifunga kishikio kimoja kwenye benchi kwa mpira wa baiskeli, kile kingine nikakitundikia ndoo, nikamimina maji lita moja moja mpaka vikagusana. Ziliingia lita kumi na tano. Wiki ya tatu nikapima tena, zikaingia kumi na moja. Kumbe mkono haukuwa umepona, springi ndiyo iliyochoka!

Nikanunua nyingine ya aina ileile, yenye maandishi yaleyale. Hiyo ilianza na kumi na tatu. Nikajaribu ya plastiki yenye skrubu ya kukazia, hiyo kila ukiipima inakuja na jibu lake. Nilikasirika, nakwambia. Unaweza kucheka, lakini kitu kinachokudanganya kuhusu nguvu zako ni hatari kwa mtu anayeshika kamba ya mwenzake. Mkumbo alikuwa ananiuliza kila Jumapili, "Shemeji, tayari?" Nami sikujua nimjibu nini.

Ndivyo nilivyofika Mtinko. Pembeni kabisa, baada ya wauza vitunguu, mzee mmoja alikuwa amekaa kwenye kigoda na kutandaza turubai lenye gripa tupu, kumi hivi, zote za chuma. Nilichuchumaa nikaanza kuzibana mojamoja. Mimi nikichagua kitu sisikii la mtu. Hii ngumu mwanzo na laini mwisho, weka chini. Hii inalia, weka chini. Nikaikuta moja ambayo mbano wa kwanza na wa kumi ni uleule. Nikaanza kuhesabu, nataka nifike hamsini nione kama italegea.

"Shikamoo mzee," nilisema, macho yakiwa kwenye springi.

"Marahaba."

Akaninyooshea mkono. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa kwenye thelathini na ngapi sijui, sikutaka kupoteza hesabu. Nikampa wa kushoto.

Wewe unajua hilo ni jambo gani. Mtoto wa darasa la kwanza huku kwetu akimpa mzee mkono wa kushoto anachapwa hapohapo. Nilishtuka, lakini mzee alikuwa ameshaushika. Kiganja chake kilikuwa kikavu na hakikuwa na uzito wowote, wala joto. Hakukasirika. Alinitazama tu, akasema taratibu, "Umenipa huu. Basi ule mwingine niachie mimi."

Ungejibu nini? Nilidhani mzee ananitania ili anifundishe adabu. Nikacheka. "Haya, mzee," nikasema. Nikalipa, nikaondoka na gripa yangu.

Nyumbani nikapima: lita kumi na nane. Kesho yake kumi na nane. Baada ya mwezi, kumi na nane, haikupungua hata kikombe. Nilifurahi kupita kiasi. Mkono nao ukapata nguvu upesi, nikawa napasua kuni na kufunga kamba. Nikamwambia Mkumbo, "Tayari."

Dalili ilikuwepo, siwezi kujitetea. Asubuhi moja nilijaza ndoo ya lita ishirini bombani, nikaiinua kwa mkono wa kulia, na vidole vikafunguka. Havikuteleza, niamini. Vilifunguka kimoja baada ya kingine kama vya mtu anayeonyesha kwamba hakuficha kitu. Maji yote yakamwagika. Nikajiambia ni jasho. Mwanaume anayejipima kwa lita akajiambia ni jasho!

Kisima kilikuwa cha mama mmoja mjane, nje kidogo ya Kinyangiri. Siku nne mambo yalikwenda vizuri, kwa sababu gogo hubeba uzito mwingi na Mkumbo hupanda kwa miguu yake. Siku ya tano, saa tano za asubuhi, alikuwa anapanda kuja kunywa uji. Nilishamwona utosi. Kishimo kimoja kikamomonyoka, mguu ukateleza, uzito wake wote ukaja kwenye kamba kwa mpigo.

Mkono wowote wa binadamu hapo hukaza wenyewe. Wangu ulifunguka.

Nilikuwa nautazama. Niliuambia shika, kwa sauti, mama mwenye kisima alinisikia. Niliung'ata mpaka damu ikatoka na sikusikia maumivu, kana kwamba nang'ata kiatu. Wa kushoto ulibaki unapambana peke yake, na kamba ikaupitia ikachuna ngozi yote ya kiganja. Hii hapa alama, angalia. Halafu nikasikia kishindo, na baada yake kimya. Sijawahi kuogopa kimya kama kile.

Majirani wakaja wakamtoa. Hakufa, namshukuru Mungu. Nyonga ilivunjika, akalala hospitali muda mrefu, na sasa anatembea akiuvuta mguu wa kushoto.

Baada ya hapo nilikaa uani na ndoo nikaupima mkono wangu kama nilivyozipima gripa. Lita kumi na nane, umeshika. Nikiongeza kikombe kimoja, unafunguka. Nimerudia asubuhi na jioni, nikiwa nimeshiba na nikiwa na njaa. Hauongezeki, haupungui. Picha ya hospitali inaonyesha mfupa umeunga vizuri. Mchungaji ameniombea, amenipaka mafuta, na jioni yake nikapima: kumi na nane.

Mtinko nimerudi mara sita, kila siku ya mnada, kwenda kupiga magoti. Mama mmoja anayeuza vitunguu pale tangu hajaolewa aliniambia, "Kaka, hapo pembeni hajawahi kukaa mtu. Wewe siku ile nilikuona umechuchumaa peke yako, unacheka." Gripa nimeitupa ziwani Singidani kwa mkono huuhuu. Haikubadilisha kitu. Nimtafute nani tena? Niende wapi?

Mke wangu aliniuliza mara moja tu, usiku mmoja tumelala: "Ulimwachia?" Nikamweleza yote, mzee, turubai, mkono wa kushoto. Alinisikiliza mpaka mwisho, akageukia ukutani. Kijijini wanasema wazi kwamba tuligombania shamba la baba mkwe, mimi na Mkumbo. Hatujawahi kugombana hata siku moja.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, ukisalimiwa na mtu mzima, weka chini ulichoshika. Hata kiwe cha thamani gani. Na akikuomba kitu kwa utani, usiseme haya mpaka ujue ni nini.

Ningependa kukuambia yameishia hapo. Juzi Mkumbo alikuja nyumbani, akakaa, akamwita dada yake naye akae. Akasema amechoka kusikia watu wakinisema. Amepata kazi ya kisima kilekile tulichokiacha, na amewaambia majirani waje washuhudie. Atashuka yeye, na kamba nitashika mimi peke yangu.

Nilimwambia hapana. Nilimletea ndoo, nikamwonyesha kwa macho yake, lita kumi na nane, kikombe, maji chini. Alicheka sana, akanipiga begani. "Shemeji, hiyo ni hofu tu. Nimekuamini miaka yote hii, nitaacha leo? Na ukikataa, watasema kweli ulitaka kuniua."

Nikamtazama mke wangu anisaidie. Alikuwa ananitazama vilevile, anasubiri aone nitajibu nini. Ni mara ya kwanza tangu ajali kunitazama usoni.

Anashuka Jumatatu.