Muhogo wa Usiku Mmoja

Naikumbuka siku ile, mwanangu, tulipokaa kwenye mkeka nje ya nyumba ya dada yangu Nabintu, hapa hapa Rubondo, kwenye makazi yetu ya wakimbizi, tukimdanganya msichana mwenye adabu zake. Nakueleza leo kwa sababu umepata kazi ya kuzunguka na watafiti wa chakula kutoka Mbarara, na nimekuona ukijitazama kwenye kioo na ile fulana yao. Imekupendeza. Sasa kaa chini.

Ulikuwa mwaka wa ukame. Posho ilipunguzwa, maharage yakaliwa na wadudu shambani, ikabaki mihogo michungu. Muhogo mchungu una sumu, na hilo kila mwanamke wa Kivu analijua kabla hajaolewa. Kwetu tuliuloweka mtoni mpaka ulainike, ndipo tuuanike na kutwanga unga wa bugali. Lakini kwetu kulikuwa na mito. Hapa tulikuwa na kisima cha pampu na foleni ya madumu kuanzia alfajiri. Nani angemwaga dumu zima kwenye mihogo wakati watoto wana kiu? Tukaanza kuuloweka usiku mmoja tu, tukauanika ungali mgumu. Mwenye njaa hana miiko.

Kisha akaja mtafiti, binti wa Kinyankore, mwenyeji wa Nyamityobora kule Mbarara. Alisalimia kila mtu, akakataa kiti, akakaa mkekani nasi. Akauliza tunautayarishaje muhogo.

"Tunalowekaka siku tatu, sawa vile bamama yetu balitufundisha," Nabintu akajibu.

Sote tukaitikia: ndiyo, siku tatu. Usimdhanie vibaya dada yangu. Alikuwa shemasi kanisani, na ua wake ulikuwa umefagiwa siku zote. Kwetu mwanamke anayelisha watu muhogo usiolainika huitwa mvivu mpaka kaburini. Angesemaje mbele ya mgeni? Binti wa watu akashukuru, akaenda zake.

Koko Mapendo, mama mkwe wa Nabintu, alikuwa mlangoni akichambua sombe, majani ya muhogo ya mboga. Hakungoja mgeni afike mbali.

"Munamuficha ule mutoto ya batu juu ya nini? Sifa anaanza kujikwaa, mi naona. Haya ya bakubwa, batoto ndio banailipaka!"

Sifa alikuwa binti wa Nabintu, mtoto wa kukimbia hata pasipo na haraka. Tukamjibu bibi kwamba watoto wote hujikwaa. Nabintu akamwomba asimuaibishe mbele ya majirani. Basi aliyesema kweli akawa ndiye mbaya wetu.

Haukupita muda. Asubuhi moja Sifa aliamka aende shule, miguu ikakataa. Haikumuuma, na hilo ndilo lililotutisha. Ilikuwa imekakamaa tu, na yeye anacheka akidhani ni ganzi. Tukampeleka kwa pikipiki, kisha kwa gari, mpaka hospitali Mbarara. Daktari akauliza mtoto anakula nini na kimetayarishwaje. Nabintu akasema tena: siku tatu. Basi wakatafuta ugonjwa huku na kule, sisi tukilala sakafuni, mpaka Koko Mapendo alipopanda gari na uzee wake akaja kulisema neno lenyewe: usiku mmoja. Nabintu alijifunika uso kwa kitenge. Hakukana.

Daktari akamwita yule binti mtafiti. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akatueleza jambo ambalo bado linanikosesha raha. Ndani ya muhogo wenyewe, alisema, mna kimeng'enya, kitu kinachoivunja ile sumu na kuigeuza hewa ikatoka. Kinachohitajika ni unyevu na muda, si lazima maji mengi. Unauchanganya unga na maji kidogo, unautandaza mwembamba kivulini, unaungoja saa kadhaa, ndipo unasonga.

"Hii njia ni ya watu hawana maji," alisema. "Siku ile nilikuja nayo. Nyinyi mkasema siku tatu, nikaona hamuihitaji, nikaipeleka kwa wengine. Mbona hamkuniambia, bamama?"

"Ungetuona namna gani?" Nabintu akamuuliza. "Ungesema hawa batu banalishaka batoto sumu."

"Ningeona hamna maji," binti akajibu.

Miguu ya Sifa haikurudi, mwanangu. Sumu ile ikishalemaza, imelemaza. Leo ni mtu mzima, anatembea kwa magongo, akikanyagia ncha za vidole vya miguu, anashona nguo karibu na Kabazana. Sijamsikia akimlaumu mama yake hata kwa utani. Lakini Nabintu alizeeka akimwomba msamaha, hata siku ambazo Sifa hakuwepo nyumbani. Mimi niliyemsikia kupitia ukuta nilikuwa natoka nje, maana nami niliitikia siku ile.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Sisi tulizaa, tukaficha, na aliyezaliwa ndiye aliyelipa. Kazi yako ni kuuliza, na watu watakujibu kwa heshima kabla hawajakujibu kwa ukweli. Kwa hiyo usianze na muhogo. Anza na maji: wanayateka wapi, na yanatosha nini. Anayekudanganya usimcheke wala usimkemee, mwambie kwanza ya nyumbani kwetu, ndipo atakwambia ya kwake. Nawe ukiulizwa hali yako, iseme ilivyo, hata kama ua haujafagiwa.

Nenda sasa, usichelewe gari. Mungu wa baba zako akutangulie, akupe sikio la subira na ulimi usiomuaibisha mtu. Na kila mlango utakaobisha, akujalie umfikie mtoto wa humo angali anakimbia.