Akina Atwell wa Yeoville

Jeannine alikuwa amesimama tangu asubuhi akisuka nywele kwenye saluni mtaani Yeoville, na kichwa cha Zubeda, mwanamke wa Tanga auzaye vitenge jirani na saluni, kilikuwa bado nusu. Arlène, binti wa Jeannine, akaingia na sare ya shule, akaketi pembeni, akaanza kuwasomea kutoka kwenye simu. Mwalimu alitaka kila mtoto aeleze darasani asili ya jina la ukoo wake. Lao lilikuwa Atwell.

Zamani huko Uingereza, simu ilisema, vijiji vilijaa akina John. Ili wasichanganywe, mmoja aliitwa wa kilimani, mwingine wa msituni, na aliyekaa karibu na kisima akaitwa Atwell. Watoto wakalirithi, na wajukuu, mpaka leo.

"Kumbe nasukwa na Mzungu," Zubeda akasema. "Ndiyo maana bei haishuki."

Jeannine hakucheka.

"Sisi hatukutoka kisimani," akamwambia binti yake. "Nkambo wako Célestine, mama yangu, alishikwa na uchungu siku mbili kule kwetu Kamina. Mimi nilitanguliza miguu. Muuguzi wa misheni, Mwingereza, akanitoa mzima, ndipo nikapewa jina lake, Atwell, kwa shukrani. Kwetu kila mtoto ana jina lake mwenyewe. Nilipofika huku, karani akataka la ukoo, akaokota la mwisho kwenye karatasi zangu. Nanyi mkalibeba."

Arlène akajibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba hiyo ndiyo nzuri, ataisema hiyo.

"Utasema ya kisima," mama yake akasema.

Ulikuwa mwaka 2015. Mwezi uliotangulia maduka ya wageni yalikuwa yamevunjwa mjini, na waliosikika wakisema lugha za kigeni walipigwa, na tangu hapo Jeannine aliwakataza wanawe kuitika kwa Kiswahili njiani.

"Mwache mtoto, mama Arlène," Zubeda akasema.

"Wanao wako Tanga, dada. Wamelala salama."

Zubeda akainamisha kichwa asukwe.

Ijumaa Arlène alirudi kutoka shuleni. Alikuwa amesema ya kisima, na mwalimu alimsifu.

Jioni wakiwa wanakula, Nkambo Célestine akapiga simu kutoka Kamina, sauti ikikatikakatika. Akataka kujua mjukuu amejifunza nini. Arlène akamweleza kwa Kiingereza, kisima na akina John wote.

"Anasema nini?" bibi akauliza.

Jeannine akajifuta uso kwa kiganja. Hakuwa na nguvu ya kueleza. "Anasema ameeleza shuleni habari za yule muuguzi. Na namna ulivyoteseka."

Bibi akauliza tena, polepole:

"Amewaambia wote?"

"Wote, mama."

"Na habari ya miguu?"

"Na miguu."

Arlène alizoea kujibu kwa Kiingereza, lakini Kiswahili alikielewa chote. Akaweka kijiko chini, akamtazama mama yake.

"Hebu mpe simu," bibi akasema, na sauti yake ilikuwa imelowa machozi. "Nimshukuru mwenyewe."

Jeannine akaisukuma simu polepole juu ya meza, macho yake yakiwa mlangoni.