Mama Maafa na Kitanda cha Bibi

Wilayani kwetu wanamwita Mama Maafa, naye huitikia kwa kicheko. Kazi yake ni kupima ni nyumba zipi zinaweza kufikiwa na mafuriko na zipi ziko chini ya vilima vinavyoweza kuporomoka. Mimi ndiye dereva wake. Akifika mahali, kwanza huzunguka nyumba. Huweka kiganja ukutani kama mzazi anayepima homa ya mtoto, kisha hupitisha kidole kwenye nyufa na kuguna. Viatu vyake havikauki tope. Sauti yake ni ya chini, hata anapotoa habari mbaya.

Juzi tulimkuta bibi mmoja ambaye kilima nyuma ya nyumba yake kilikuwa kimeanza kupasuka. Wanawe walishamjengea chumba salama ng'ambo ya barabara, lakini hakutaka hata kukisikia. "Siondoki! Watoto wangu wote nimewazalia hapa," alisema, mikono kiunoni. Nilidhani Mama Maafa angemkunjulia ramani. Badala yake alikaa kizingitini, akauliza, "Mvua ikinyesha usiku, bibi, unalala?"

Bibi alitazama pembeni. "Nilale wapi, mwanangu? Nakaa macho mpaka kunakucha."

"Hata mimi silali. Nawawaza watu kama wewe."

Bibi akaangua kicheko. "Basi shika kitanda upande ule, tukalale sote."

Tulikibeba wawili kuvuka barabara. Bibi alitutangulia na mto kichwani, akitukemea tusiburuze miguu ya kitanda, na Mama Maafa, jasho likimtiririka, akiitikia kila kemeo, "Ndiyo, bibi."