Kiwanja Kilichofyekwa Miaka Kumi na Miwili

Kabla hajaitwa Mheshimiwa alikuwa fundi mwashi, tena fundi kwelikweli. Dada yake mkubwa ndiye aliyekuwa saidia fundi wake: akimkorogea udongo wa saruji, akimpandishia matofali, na akimkemea bila kuchoka. "Umepinda huo, mdogo wangu. Bomoa." Naye alibomoa, maana kwa dada yake hakuwa na ubishi.

Siasa ilimwingilia mdomoni. Alikuwa na maneno yule bwana. Angeweza kuwachekesha vibarua mpaka saruji ikawakaukia kwenye karai. Watu wakamsukuma agombee ujumbe wa Baraza la Mkoa. Akakataa mara mbili, ya tatu akakubali, akaahidi jambo moja tu: zahanati, kwa sababu akina mama wa mtaa wao walikuwa wakijifungulia njiani. Kiwanja hakikuwepo. Dada akatoa chake, kile alichoachiwa na baba yao, alichokuwa amepanga kujengea vyumba viwili vya uzeeni.

"Chukua," alisema. "Mimi nitabanana hapa hapa nilipo."

Mwaka wa pili wa ujumbe wake akaweka jiwe la msingi. Alikabidhiwa mwiko mpya wenye utepe, akaushika kwa ncha za vidole, akapaka saruji kiduchu mbele ya wapiga picha. Dada alimtazama akaguna.

Mwaka wa tatu ikaja bajeti, kitabu kizito kuliko tofali. Katika Baraza kulikuwa na njia ya kuwapunguzia wajumbe taabu ya kusoma. Mnadhimu wa chama, mzee aliyesimamia kura za wenzake, akiweka miwani mezani, wajumbe wake husema ndiyo. Akiivaa, husema hapana. Basi mtu aliyekuwa akipima ukuta mara tatu kabla ya kuongeza tofali, akawa anapiga kura kwa kutazama miwani ya mwenzake. Siku hiyo wajumbe waliitwa mmoja mmoja. Alipoitwa alitupa jicho mezani kwa mzee, akasema, "Ndiyo."

Kesho yake asubuhi karani wa Baraza akamfunulia ukurasa wa mia mbili na kitu. Zahanati imefutwa, fungu lake limehamishiwa ukumbi mpya wa mikutano.

"Hukuuona huu, Mheshimiwa?"

"Niliuona," akajibu. Aliona afadhali aonekane msaliti kuliko aonekane hakusoma.

Jioni ile alikwenda kwa dada yake. Akakaribishwa chai, akaulizwa mafundi wanakuja lini. "Mchakato unaendelea, dada," akasema, akapuliza chai yake. Aliogopa, tusimpambe. Mtu mzima aliyehutubia viwanja vilivyofurika aliuogopa uso wa mwanamke mmoja. Alijipa moyo kwamba mwaka ujao ataurudisha mradi kwenye bajeti, na mwaka ujao ukaja na udhuru wake.

Dada akawa anafyeka kile kiwanja kila mwezi. Goti lilipoharibika hakuacha. Alikaa kwenye kigoda, akafyeka mpaka mkono unapofika, akakisogeza, akaendelea. Mheshimiwa alimwambia dereva wake wawe wanapita barabara ya juu. Tena tangu siku ile ya chai hakuwahi kuitwa mdogo wangu. Aliitwa Mheshimiwa, kama walivyomwita wengine, na mjinga yule akadhani ni heshima.

Alikaa vipindi vitatu. Cha nne akaangushwa na kinyozi, kwa kura tisini na moja. Juma moja baadaye, gari limekwisha rudishwa, alikwenda kwa miguu mpaka kiwanjani. Alimkuta dada kwenye kigoda chake, jasho likimtoka. Njia nzima alikuwa ameyapanga maneno, na yote yakamtoroka.

"Dada, weka chini hilo fyekeo. Zahanati haiji. Ilifutwa zamani, na mimi nilisema ndiyo. Sikuwa hata nimesoma."

Dada alimalizia fungu la nyasi lililokuwa mbele yake. "Najua."

"Nani alikwambia?"

"Wewe mwenyewe. Si redio ilikuwa inatangaza vikao vyenu? Niliita majirani, nikawachemshia chai, waje wamsikie mdogo wangu. Ukaitwa, ukasema ndiyo, tukapiga makofi. Halafu mtangazaji akasoma miradi iliyofutwa. Ya kwetu ilikuwa ya nne." Akajifuta uso kwa ncha ya khanga. "Kesho yake ukaja ukaniambia mchakato unaendelea."

Mheshimiwa akachuchumaa kando ya jiwe lake la msingi, ambalo herufi za jina lake zilikuwa zimeliwa na mvua.

"Sasa ulikuwa unafyeka ya nini, dada, miaka yote hii?"

"Ili ukipita uone. Nilikuwa najiambia, labda leo atasimama aniambie."

"Nimesimama, dada. Leo nimekwambia."

"Umekuja huna kiti, Mheshimiwa," dada alisema, wala hakupandisha sauti. "Mimi nilikungoja ukiwa nacho."

Mheshimiwa alinyoosha mkono ili apewe fyekeo, amalizie yeye. Dada akasogeza kigoda hatua moja mbele, akaendelea kufyeka.