Mshindani Pekee

Umewahi kushindana peke yako ukashindwa? Usicheke. Yupo aliyefanya hivyo mbele ya ukumbi uliojaa watu, akiwa ameshainuka kitini na kufunga vifungo vya koti. Tunaambiwa msema pweke hakosi. Orrin Pavlik alisema pweke, na akakosa.

Orrin alikuwa mtu wa Burbank, pale Los Angeles: mfupi, mwenye upara na kitambi, na koo lililomlisha tangu ujana. Kazi yake ilikuwa kutia sauti kwenye katuni za televisheni. Ungepishana naye dukani amekumbatia pakiti ya maziwa, usingegeuka kumtazama mara ya pili. Ilhali mtoto wako nyumbani alimpenda kuliko alivyokupenda wewe. Yeye ndiye aliyekuwa Hominy, mbwa wa katuni ya Jumamosi asubuhi, mbwa asiyetamka neno hata moja. Hominy alibweka, alikoroma, alinung'unika, aliomba radhi kwa pua, na siku bwana wake alipomsahau kituo cha treni alilia mpaka akina mama wakaacha vyombo jikoni, wakaja kukaa sebuleni na watoto wao. Kilio kile Orrin alikitoa akiwa amepiga magoti, viganja sakafuni, maikrofoni imeshushwa hadi usawa wa kidevu. Wenzake walipomtania alijibu kwamba mbwa haigiziki ukiwa wima.

Ili uelewe kilichompata, lazima ujue tuzo yenyewe ilivyozaliwa.

Kwa miaka mingi chama cha watu wa televisheni kilimtuza kila mtu: aliyeigiza, aliyeandika, aliyeshona nguo, hata aliyechana nywele za waigizaji. Wenye sauti hawakupewa kitu. Waliambiwa bila haya kwamba kuigiza ni uso, na wao hawana uso. Walipopiga kelele, wakatupwa katika fungu moja na mafundi wa nyaya. Wakazidi kupiga kelele. Walisimama na mabango nje ya hoteli ambamo wakubwa walikuwa wanakula, wakaigiza sauti za bata na nguruwe mpaka wakubwa wakashindwa kumeza. Orrin alikuwa mstari wa mbele. Hatimaye tuzo ya sauti ilipokubaliwa, ni yeye aliyesimama mkutanoni na kudai sharti moja: wanajopo wageuze viti, waipe televisheni mgongo, wasikilize bila kutazama.

"Wametudharau kwa kuwa hatuna uso," alisema. "Basi wasitazame uso wowote. Watusikie."

Alipigiwa makofi, na sharti likaandikwa. Lilikuwa sharti la haki, na aliyelitoa alikuwa na moyo safi. Ubaya wa dunia hii ni kwamba haijali moyo safi.

Chama nacho kiliweka sharti lake. Jopo halikulinganisha mtu na mtu. Kila kazi ilisikilizwa peke yake, ikaulizwa swali moja tu: inastahili au haistahili? Mwaka mmoja walistahili watano, wote wakapewa. Mwaka uliofuata walistahili wawili. Kwamba unaweza kuja mwaka asistahili hata mmoja, hilo lilikuwemo katika sheria, lakini nani asomaye sheria akiwa na furaha?

Mambo yalichacha pale studio ilipoamua kumpeleka Hominy kwenye sinema. Corinne Bascombe, mama aliyeiendesha katuni hiyo tangu mwanzo, alimwita Orrin ofisini na kufunga mlango. Akamwambia wenye fedha wanataka jina kubwa, mtu wa kubandikwa kwenye mabango barabarani.

"Mimi nakutaka wewe," alisema Corinne. "Lakini mimi kukutaka hakujazi ukumbi. Niletee hiyo tuzo, Orrin. Nikiwawekea lile sanamu mezani nitakuwa na la kusema. Bila sanamu sina mdomo."

Orrin alimwelewa. Kazi nyingine zilikuwa zimemkauka moja baada ya nyingine; vijana walikuwa wanabweka kwa bei rahisi. Hominy ndiye aliyebaki. Akipata tuzo, mbwa ni wake. Akikosa, mbwa wa mwingine, naye abaki mzee mwenye koo.

Bahati ikajifanya kumpenda. Mwaka ule studio kubwa ziligombana na chama, zikasusa, hazikupeleka kazi zao. Wadogo nao wakachelewa. Majina yalipotangazwa lilitoka jina moja: Orrin Pavlik. Simu haikupumzika. Mkewe, Nadine, akamnunulia koti jeusi, akalipunguza mikono mwenyewe kwa sindano. Kwenye mgahawa walikozoea kula nyama na viazi, Alvis Trager alimpiga begani mbele ya wote. Alvis alikuwa rafiki yake wa miaka mingi, sauti ya wajomba waovu na kunguru wasengenyaji, na mwaka ule alikuwa mwanajopo.

"Mzee, unashindana na kivuli chako," alisema Alvis. "Ukishindwa na hapo, hama mji."

Orrin alimjibu kwa kubweka. Mgahawa mzima ukacheka, yeye akicheka kuliko wote.

Sherehe ilifanyika Jumapili mchana, kwenye ukumbi wa hoteli, bila kamera. Tuzo za uso zilikuwa na usiku wake na zulia lake. Hizi za wadogo zilitolewa wiki moja kabla, juu ya sahani za kuku mkavu. Binti mmoja wa vichekesho alipanda jukwaani na bahasha. Aliposema tu "tuzo ya sauti," Orrin akainuka. Ungefanya nini wewe? Jina lilikuwa moja. Nadine alikuwa ameshaanza kupiga makofi. Orrin alifunga kifungo cha juu, akafunga cha chini, akaanza kujipenyeza kati ya viti.

Binti akasoma kimya, akainua nyusi, akasoma kwa sauti: "Mwaka huu jopo halikuona kazi inayostahili."

Kisha mtu akacheka, akidhani ni mzaha uliopangwa. Meza yake ikacheka. Kicheko kikatembea meza hadi meza, na Orrin amesimama katikati yao, mkono bado uko kwenye kifungo. Na kule nyuma, mtu ambaye hajajulikana mpaka leo akabweka. Mara moja tu. Basi hapo hata waliokuwa wamejizuia wakashindwa. Watu walifuta machozi kwa vitambaa vya meza. Nadine alimvuta mkono wa koti, naye Orrin akaketi.

Orrin alimkuta Alvis nje, mahali watu wanaposubiri kuletewa magari. Alimwuliza kilichotokea, kwa upole kabisa. Alvis alimsimulia huku akitafuta sigara mifukoni. Jopo lilikaa, likageuza viti kama sharti lilivyotaka, mkanda ukawekwa. Wakasikia mbwa. Wakaurudisha mkanda, wakasikia mbwa. Mmoja akasema huyu ni mbwa wa kweli, studio imenunua sauti yake kwenye ghala la milio iliyorekodiwa, ikabandika jina la Orrin juu, mwigizaji yuko wapi? Wa pili akakubali. Kulikuwa na mama mmoja aliyelia kabisa kwenye kile kipande cha kituo cha treni, akapenga kamasi, kisha akasema hata hivyo hawezi kumpa mnyama tuzo. Wote waliopiga kura wakaandika: haistahili.

"Wote watu wa sauti?" aliuliza Orrin.

"Wote. Wenye masikio kukushinda wewe."

"Na wewe ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

"Umenishikia glasi ya maji nikibweka, Alvis. Unanijua."

"Aliyefanya kazi na mshindani hapigi kura na hatii neno. Sheria hiyo."

"Maneno mawili tu. Ungesema ni mtu."

Alvis aliwasha sigara. "Wangegeuka wakatazama picha, wangemwona mbwa wa kuchorwa anaomba radhi kwa nyusi, na mlio unafuata nyusi. Wangejua mara moja. Sasa nani aliyewakataza kugeuka? Si wewe?"

Pengine Alvis angenyamaza hapo, wangebaki marafiki wa kusalimiana. Lakini kuna watu ukiwa umeanguka ndipo wanapokuona vizuri.

"Unataka ukweli, nikupe," alisema Alvis. "Miaka yote mimi ndiye mwenye maneno. Nayakariri, nayapamba. Wewe unabweka, na wao wanalia. Halafu nikakaa pale nasikia wanakuita mbwa, wanasema kwa dhati, na kalamu mkononi. Nilisikia raha, mzee. Sikutaka iishe haraka."

Gari lake likaletwa. Alimpiga Orrin begani, palepale alipompiga mgahawani, akaondoka.

Hawa ndio waliosimama pamoja na mabango wakidai wasikike. Wapeni wanyonge kiti cha hakimu, nanyi mtaona wamejifunza nini kwa waliowanyonga. Wakubwa wa chama hawakuhitaji kumgusa Orrin, walimwachia wenzake.

Kesho yake asubuhi Orrin alienda studio. Corinne hakuwa amempigia, naye hakutaka kuambiwa kwa simu. Mlinzi alimfungulia geti kama kawaida, akamwambia pole bila kumtazama usoni. Taa nyekundu ya chumba cha kurekodia ilikuwa imewaka. Orrin akaingia upande wa fundi mitambo, nyuma ya kioo, akasimama.

Upande wa pili maikrofoni ilikuwa imeshushwa hadi chini. Mbele yake palikuwa na mbwa mkubwa wa rangi ya kahawia, amefungwa kamba, na kijana aliyemleta ameishika kamba kwa mkono mmoja, kipande cha soseji kwa mwingine. Kando yao alisimama mwenye fedha mmoja, tai imelegezwa, mchangamfu. Alikuwa akimweleza Corinne kwamba mwigizaji wao maarufu atayasoma kwa sauti mawazo ya Hominy, na milio itatoka hapa. Jopo zima la mabingwa limeshindwa kutofautisha, alisema, basi mtu alipwe kwa lipi? Mbwa hadai mkataba.

Corinne aliinua macho, akamwona Orrin kwenye kioo. Akayarudisha kwenye karatasi zake.

Mbwa hakubweka. Alionyeshwa soseji, akapiga miayo. Alisemeshwa, akalala. Fundi mitambo akazima mkanda, akauwasha tena, akashusha pumzi. Mwenye tai akatazama saa na kumwambia yule kijana wana asubuhi moja tu.

Kijana akaweka soseji juu ya kiti, akakaza kamba, akakanyaga ukucha wa mguu wa mbele wa mbwa kwa kisigino.

Mbwa akalia.

"Hiyo hiyo," alisema mwenye tai, akainua kidole gumba kuelekea kwenye kioo. "Tupate nyingine, ndefu kidogo."

Kijana akainua tena kiatu.