Mara Tano Kwenye Jeki

Fundi huyu wenzake walimwita Hakikisha. Miaka kumi na tisa alifanya kazi katika karakana ya ndege, na hakuna aliyefunga kifuniko mbele yake bila kuambiwa, "Hakikisha kwanza." Alikuwa msumbufu, bwana! Atakurudisha ukaze skrubu uliyoikaza huku anakutazama. Mkewe alilalamika kwamba hata mlango wa jikoni lazima auvute mara mbili ndipo alale. Lakini ndege zake zilikwenda na kurudi, na marubani walimwamini kuliko walivyoamini saa zao.

Shirika lao lilikuwa dogo, la ndege tatu za abiria kumi na tisa, na lilikuwa na utaratibu wake: fundi akigusa magurudumu, safari ya kwanza yumo. Ukitengeneza, unapanda. Hakuna cha udhuru.

Basi jioni moja ndege ikarudi, taa ya gurudumu la kushoto imegoma kuwaka. Mbele ya rubani kuna taa tatu za kijani, moja kwa kila gurudumu; ikiwaka, ujue gurudumu limeshuka na limejifunga barabara. Hakikisha akabadilisha balbu, ikawaka. Kilichobaki ni kuinua ndege kwenye jeki, kisha kuyakunja na kuyashusha magurudumu mara tano. Kazi ya saa nne hiyo. Meneja akaja kumsimamia kichwani.

"Fundi, si imewaka? Unataka ikuimbie?"

Ndugu zangu, mtu akichoka, kila neno huliona la busara. Akavuta daftari la ndege akaandika: limejaribiwa kwenye jeki mara tano, sawa. Akatia sahihi. Mtu mzima na akili zake!

Asubuhi akapanda, akakaa kiti cha mbele. Jirani yake alikuwa mama wa makamo anayekwenda kumwona binti yake aliyejifungua. Mama alimwona alivyoukaba mkono wa kiti, akacheka.

"Mwanangu, kiachie hicho kiti, hakiendi popote."

Walipokaribia kutua, magurudumu yakaanza kushuka. Chini ya sakafu Hakikisha alisikia kishindo, na kingine. Akangoja cha tatu. Kimya. Chumba cha marubani hakikuwa na mlango, akanyoosha shingo. Taa mbili. Alihesabu tena, zikawa mbili zilezile. Jasho likamtoka hadi kwenye soksi.

Rubani, mwanamke mpole asiyependa maneno mengi, akapandisha ndege tena wakazunguka. Msaidizi wake akavuta mpini wa pampu ya mkono ya kushushia magurudumu hadi ukawa mgumu. Taa ya kushoto, giza. Wakapita chini karibu na mnara wa kuongozea ndege, watu wa mnarani wakasema gurudumu linaonekana limeshuka. Kama limejifunga, nani angejua kutoka chini? Rubani akafungua daftari.

"Jana limejaribiwa mara tano," alimwambia msaidizi, "na Hakikisha mwenyewe. Basi ni taa tu. Tunatua."

Loo! Hapo ndipo fundi alipopatikana. Akisema, leseni imekwenda na maji, na watoto wawili wako shuleni. Akinyamaza na gurudumu likasimama imara, hakuna atakayejua hadi anaingia kaburini. Na lisiposimama? Akatazama dirishani, akatazama sakafu. Ndege si basi useme nishushe hapo. Aliogopa, na aliona aibu kwamba kilichomtisha kwanza ni leseni, wala si wale watu.

Mama akamgusa mkono. "Wewe umevaa nguo zao. Tuko salama, mwanangu?"

Fundi alifungua mkanda, akainuka akishika viti, akainama nyuma ya rubani, akasema kwa sauti ya chini.

"Kapteni, sikuiinua ndege."

"Unasema?"

"Nilibadilisha balbu, basi. Ile mara tano niliiandika tu."

Msaidizi akatoa tusi nisiloweza kulirudia hapa. Rubani hakugeuka. Alivuta pumzi, akasema, "Rudi ukae, Fundi," kisha akaiondoa ndege pale. Wakaenda kwenye uwanja mkubwa, mwendo wa dakika ishirini, ambako magari ya zimamoto yalipangwa yakiwangoja. Abiria wa kushoto wote wakahamishiwa kulia. Dakika ishirini zile fundi alikaa na midomo mikavu, na kila aliyemtazama alimwona kama anayejua la kufanya.

Rubani alitua kwa gurudumu la kulia, akalishikilia bawa la kushoto juu kadiri alivyoweza. Mwendo ulipopungua, bawa likashuka, gurudumu la kushoto likajikunja. Chuma kilipiga kelele kwenye lami, ndege ikazunguka, ikaingia majanini, ikatulia. Watu wakatoka kwa miguu yao wenyewe, wengine wakilia, mmoja akitafuta kiatu.

Pale majanini habari ikaenea: fundi ndiye aliyekwenda kumwambia rubani asitue kule. Wakamzunguka, wakampa mikono, mzee mmoja akambusu shavuni. Mama akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, machozi yanamtiririka.

"Ungenyamaza tungekwisha. Mjukuu wangu hajapewa jina bado. Niambie jina lako, mwanangu, nimpe."

Angeweza kulitaja. Watu wote walikuwa wanamtabasamia, na watu wa leseni walikuwa hawajafika.

"Usimpe, mama," alisema. "Mimi ndiye niliyeandika kwamba gurudumu limejaribiwa. Sikulijaribu."

Mama alimtazama, kama hajasikia vizuri. Kisha akauachia mkono wake, akaenda kusimama na wenzake.